Kikombe cha Nahodha

Gitega, Kigali
Mwaka 1993

Kwako mke wangu mpendwa Veronika,

Salamu nyingi zikufikie huko uliko, pamoja na heshima yote ambayo mume anapaswa kumpa mkewe hata baada ya kuachwa peke yake. Natumaini, kwa rehema za Mungu, kwamba umepumzika vyema, kwamba magoti hayakusumbui tena, na kwamba umekwisha kuwakuta wazazi wako na wazazi wangu, ukawafikishia zile salamu nilizokutuma hospitalini. Mimi mumeo sijambo, isipokuwa macho, ambayo siku hizi yananilazimu kuinamia karatasi kama mtu anayenusa mchuzi.

Naomba radhi kwa kuchelewa. Desturi yetu unaijua: kila mwaka, misa yako ya kumbukumbu ikikaribia, nakuandikia barua, napanda gari hadi Rwamagana, naiweka kaburini pako chini ya jiwe. Mwaka huu misa ilisomwa hapa parokiani kwetu, bila barua, nami nilipiga magoti nikiwa na haya kama mgeni aliyekuja arusini mikono mitupu. Sababu ya kwanza ni barabara, ambayo nitaieleza. Sababu ya pili ni kwamba lilikuwapo jambo la mjukuu wetu Fausta ambalo halijafika mwisho, nawe hukupenda kamwe kuletewa habari nusu. Mara ngapi ulinirudisha mlangoni kwa kusema, "Yakobo, nenda ukaulize vizuri, kisha urudi"? Basi nimeuliza vizuri, na sasa nimerudi. Uniwie radhi kama barua itakuwa ndefu.

Ulizikwa kabla ya vita. Mara nyingine nimemshukuru Mungu kwa hilo, kisha nikaona aibu kushukuru. Mapigano yalipoanza kule kaskazini, mwanetu Boniface alichukuliwa na askari asubuhi akiwa bado na povu la dawa ya meno mdomoni, pamoja na wanaume wengine wa mtaa. Kitambulisho chake kiliandikwa Mtutsi, na hilo likatosha. Alipoachiliwa, miezi mingi baadaye, suruali yake ilikuwa imefungwa kiunoni kwa kamba ya katani. Hakukaa. Alimchukua mkewe na mtoto mdogo, wakaenda kwa ndugu zako kule Tabora, na huko wako salama. Fausta alibaki na mimi ili amalize sekondari, kwa kuwa nafasi ya shule kwa mtoto wa nyumba kama yetu ukiiacha hupewi nyingine.

Kwa hiyo nyumbani tuko wawili, nasi tunazungumza Kiswahili chako. Nje tunasema Kinyarwanda kama watu wote, na shuleni kwake ni Kifaransa, lakini mlango ukifungwa tunarudi kwenye lugha uliyotuletea katika sanduku lako la bati. Naomba uliweke jambo hili akilini, kwa maana ndilo lililoniponza.

Fausta uliyemwacha akiruka kamba uani sasa ananipita kwa kichwa kizima. Shule yake ni ya masista, na masista wana timu ya mpira wa wavu ambayo mji mzima unaijua. Yeye si mpigaji. Kazi yake ni kuuinua mpira karibu na wavu, taratibu, kwa ncha za vidole, ili mwenzake aruke na kuupiga. Mwanzoni nilimhurumia, nikidhani amepewa kazi ya chini. Sista Gaudensia, mwalimu wao wa michezo, ndiye aliyenisahihisha: yule anayeinua mpira ndiye anayeamua nani apige.

Anayepiga, mara nyingi, ni msichana aitwaye Donata. Huyo ni mkubwa, ana mabega ya kubeba magunia, na akiupiga mpira unasikia mlio kama wa mlango uliofungwa kwa hasira. Baba yake ni askari jeshi mwenye cheo cha ajida. Katika mji wa sasa, mke wangu, binti wa ajida ni mtu wa kuangaliwa kwa makini. Vyama vya siasa vimekuwa vingi, kila kimoja na kofia zake na vijana wake wanaoimba barabarani, na mtu hajui jirani yake jioni atavaa kofia gani. Hata wasichana wa shule wamejigawa. Mezani wanakaa kwa makundi. Na lililo baya kuliko yote, wameacha kunywa pamoja.

Hapa nikukumbushe siku ya kwanza uliyoingia nyumbani kwa mama yangu. Alikuletea kibuyu cha pombe ya ndizi, na kabla ya kukupa akanywa funda moja mwenyewe. Wewe, mtoto wa Tabora, ulinigeukia ukaninong'oneza, "Mama yako ana kiu sana, mwache amalize kwanza." Nilicheka mpaka nikatolewa nje. Kisha nikakueleza kwamba ndiyo desturi yetu, gusogongera: anayetoa kinywaji huonja kwanza, ili mgeni aone kwamba hakuna sumu. Siku zile ilikuwa adabu tu, kama kuvua kofia. Siku hizi watu wameanza tena kuitazama kwa macho. Kila wiki inazuka hadithi ya mtu aliyekunywa mahali fulani akafa. Mimi sijamwona maiti hata mmoja wa sumu hiyo, lakini mimi pia nimeacha kunywa baa. Basi timu ya Fausta, iliyokuwa na ndoo moja na kikombe kimoja cha bati, kila mmoja akimhudumia mwenzake kwa zamu, ikaanza kuja uwanjani kila msichana na chupa yake, ameikumbatia kama mtoto mchanga. Ndoo ilibaki palepale, kwa sababu Sista alikataza isiondolewe, akawa akiijaza maji mwenyewe kila siku. Hakuna aliyeigusa.

Katika hali hiyo ndipo nahodha wao alipoondoka, akaenda Ulaya na wazazi wake. Wote walijua kwamba unahodha utakwenda kwa Donata. Donata mwenyewe alijua. Sista Gaudensia akawasimamisha kwenye mstari, akamwita Fausta.

Fausta alipofika nyumbani alitoa jezi yake mfukoni, akaitandaza mezani juu ya sahani yangu, akaniomba niipeleke kwa mzee Hamadi, fundi cherehani jirani yetu, ili ishonewe utepe chini ya namba. Katika mchezo huo nahodha hutambulikana kwa utepe huo. Nikamwuliza, "Utepe wa nini?" Naye akajibu, "Wa nahodha, Babu," kwa sauti ndogo, kama mtu aliyevunja sahani.

Veronika, sikufurahi. Nilipaswa kufurahi, na ninakuomba radhi kwa niaba ya uso wangu, maana najua ulivyoonekana. Nilichokiona si utepe. Niliona mtoto amesimama mbele ya wenzake siku ambayo ni heri kusimama nyuma. Timu ikisafiri kwenda kucheza nje ya mji, barabarani kuna bariyeri, vizuizi vya askari, na kwenye kila bariyeri Sista hushuka pamoja na nahodha kwenda kuonyesha vitambulisho vya wasichana. Cha nahodha huwa juu. Na kitambulisho cha Fausta kina neno lilelile lililokuwa katika cha baba yake.

Nilimweleza hayo kwa upole niwezavyo. Nilimwambia kwamba wakati huu si wa kuonekana, kwamba aendelee kucheza lakini utepe amwachie mwingine. Alinisikiliza mpaka mwisho, kama tulivyomlea. Kisha akasema, "Babu, nikikaa nyuma bado wataniona. Mimi ni mrefu." Akachukua sahani zangu akaenda kuziosha, na kutokana na jinsi sufuria zilivyokuwa zikigongana nilielewa kwamba mazungumzo yamekwisha.

Mzee Hamadi hakunisaidia. Unamkumbuka kwa ulimi wake. Nilimpelekea jezi nikiwa na nia ya kumwomba acheleweshe kazi, aseme uzi umekwisha, aseme cherehani imeharibika. Alinitazama juu ya miwani, sindano mdomoni.

"Mwarimu," akasema, kwa kuwa hajaacha kuniita hivyo tangu nilipokuwa nikifundisha, "watu wote wa Gitega wanalia sababu watoto yao hawana kitu. Weye peke yako unalia sababu mtoto iko na kitu."

Nikamwambia kwamba haelewi. Akaitoa sindano mdomoni. "Naelewa sana. Naelewa mpaka usingizi unapotea. Lakini mimi kazi yangu ni kushona. Kama unataka kufumua, tafuta fundi ya kufumua." Akaushona utepe palepale, nyekundu juu ya nyeupe, nikisubiri, na malipo akayakataa, akisema nimwombee tu wateja.

Basi niliamua kwenda kwa Sista Gaudensia mwenyewe. Nilivaa koti langu la misa na tai uliyonichagulia. Nilikuwa nimepanga maneno yangu yote kwa Kifaransa, kwa mpangilio tuliofundishwa na wamisionari: shukrani kwanza, kisha sifa za mtoto, kisha ombi, kisha shukrani tena. Ombi lilikuwa kwamba, kwa ajili ya afya dhaifu ya babu yake, Fausta apunguziwe majukumu.

Nilifika shuleni siku ya mechi. Walikuwa wakicheza na wasichana wa shule nyingine ya mjini, na mshindi ndiye angekwenda kucheza fainali. Sista hakuweza kunisikiliza wakati huo. Alinionyesha mahali pa kukaa, kwenye benchi la timu, kando ya ile ndoo, akisema tutazungumza baada ya mchezo. Kwa hiyo nilikaa hapo na koti langu, mzee peke yake katikati ya viatu na mataulo ya wasichana.

Seti ya kwanza ilikuwa aibu. Hata mimi, ambaye sijui mchezo, niliona. Fausta aliuinua mpira kwa Donata, mzuri, umening'inia hewani kama tunda, na Donata akaruka kidogo tu, akausukuma kwa kiganja kama mtu anayefukuza nzi. Mpira ukaingia wavuni. Akauinua tena. Wavuni tena. Kila mtu uwanjani alielewa: alikuwa akipiga vibaya makusudi. Wasichana wa upande wa pili wakaanza kuimba na kupiga makofi. "Nahodha, nahodha, jeshi lako liko wapi? Limelala!" Hata wenzake wengine kwenye benchi walificha vinywa vyao. Fausta hakumtazama Donata. Akauinua mpira kwa mwingine, na huyo mwingine akazuiwa juu ya wavu na mikono ya wapinzani. Seti ikaisha. Ilibaki seti moja tu ya kupoteza, na mimi, Mungu anisamehe, niliomba ipotee. Nilifikiri: wakishindwa hakuna fainali, hakuna safari, hakuna bariyeri, nami sitahitaji hata kusema maneno yangu ya Kifaransa.

Wakaja kupumzika. Kila mmoja akaokota chupa yake. Chupa ya Fausta ilikuwa imeanguka na kumwagika, sijui kwa bahati au kwa mguu wa mtu. Akaitikisa, akaiona tupu, akaiweka chini. Wakati huo Donata akapita mbele yangu, karibu kabisa, hata nikasikia harufu ya jasho lake, akafunua ndoo ambayo hakuna aliyekuwa ameigusa kwa wiki kadhaa, akachota maji kwa kile kikombe cha bati, akampelekea Fausta.

Benchini chupa zikasimama midomoni. Donata alikuwa ameshika kikombe kwa mikono miwili, na hakuonja. Alikuwa amekinyoosha tu.

Hapo ndipo nilipofanya kosa ambalo mtu wa nyumba yetu tu anaweza kulifanya. Niliamini kwamba mlango umefungwa. Nilisema kwa Kiswahili, wala si kwa kunong'ona, "Fausta mwanangu, usipokee. Huyu usinywe maji yake."

Donata akanigeukia polepole.

"Mzee," akasema, kwa Kiswahili. "Mimi nasikia. Papa iko ajida. Sisi tulizaliwa ndani ya kambi, na kambini watu wote wanasema Kiswahili."

Mke wangu, niliwahi kuona haya mara nyingi maishani. Sijawahi kuona haya kama hiyo. Nilisimama, nikavua kofia, na nilipofungua mdomo hakukuwa na lugha hata moja ndani yake.

"Unataka nionje?" akaniuliza. Hakupandisha sauti. Macho yake yalikuwa yamejaa maji, au hasira, sikuweza kutofautisha. "Nitaonja, mzee. Angalia vizuri. Angalia koo yangu kama inameza." Akakiinua kikombe kuelekea mdomoni.

Haikufika. Fausta alikuwa ameuweka mkono wake juu ya kikombe, kiganja kimefunika maji, kama tunavyofanya kumzuia mtu asituongeze chai. Akakivuta kutoka mikononi mwa Donata. Akanywa. Hakunywa funda la adabu. Alikunywa chote, kichwa nyuma, nami nikihesabu kila msogeo wa koo lake. Kisha akakipindua kikombe ili kila mtu aone hakuna tone lililobaki, akamrudishia.

"Nachote na wewe?" akamwuliza.

Donata akatikisa kichwa kukubali. Fausta akachota, akampa bila kuonja, na Donata akanywa.

Kisha Fausta akamwambia, kwa Kiswahili, ili nami nisikie, nadhani, "Sasa mipira yote inakuja kwako. Ukiipiga tena kama unafukuza nzi, nitakucheka mbele ya babu yangu."

"Na weye ukiniinulia ya chini kama ile ya kwanza," akasema Donata, "nitakupiga na hiyo ndoo."

Wasichana wawili watatu wakacheka, kicheko cha kukohoa, na filimbi ikalia.

Ningependa kukusimulia seti zilizofuata, kwa kuwa naambiwa zilikuwa za ajabu. Siwezi. Sikuutazama mpira. Nilimtazama Fausta tu. Alipotokwa jasho, nilijiambia kwamba ni sumu. Alipoinama kushika magoti, nilijiambia kwamba tumbo limeanza. Alipopangusa mdomo kwa mkono wa jezi nilisimama, na Sista akanivuta koti akinisihi nikae, akidhani nimepandwa na ushabiki. Nilimsikia Donata akipiga, ule mlio wa mlango, tena na tena. Nilisikia upande wa pili ukiacha kuimba. Na mtoto wetu alikuwa akiruka, anaita majina, anaonyesha kwa mkono, anamsukuma huyu kwenye nafasi yake, anampiga kofi la mgongoni yule aliyekosea, na wote, Veronika, wote wakimtazama usoni kabla ya kila mpira ili wajue wafanye nini. Watoto wa nyumba za kila namna. Nilimwona mtu ambaye sikumlea mimi. Nilikuwa ninamwogopea kifo na papo hapo ninamwona, na sijui niyaeleze vipi mambo hayo mawili kwa pamoja. Ningekuwa na wewe pale, ungenishika mkono na nisingehitaji kueleza.

Walishinda. Fausta hakuanguka.

Wengine walikwenda kwenye ndoo. Si wote. Nisikudanganye: wapo walioondoka na chupa zao kwapani vilevile walivyokuja, na mmoja alimwaga maji aliyopewa alipodhani haonekani. Niliona.

Sista Gaudensia akaja, uso unang'aa, akaniuliza, "Mwarimu, ulitaka tuzungumze?" Maneno yangu ya Kifaransa yalikuwa tayari, yamenyooshwa kama shuka. Nikayatafuta, nikayakuta yote mahali pake, shukrani, sifa, ombi. Nikamwambia, "Nilikuja kuuliza mtaondoka saa ngapi kwenda kwenye fainali, na mtoto afungashiwe chakula gani."

Kisha nikamtafuta Donata. Alikuwa amekaa kwenye ngazi za darasa, akifungua viatu. Nilimwomba radhi nikiwa nimesimama, kofia mkononi, kama ninavyokuomba wewe. Alijaribu kuinuka, kiatu kimoja kikiwa bado mguuni.

"Kaa, mwanangu," nikamwambia.

"Mzee, usiniombe," akasema. "Mimi pia niliogopa. Nilisema, akikataa mbele ya watu, mimi nafanya nini?" Akavuta kamba ya kiatu. "Kule nyumbani pia walinikataza kunywa ya kwake."

Sikumwuliza nani alimkataza. Aliniambia yeye mwenyewe, bila kunitazama. Hayo nimeyaacha kwake.

Jioni ile Fausta alikula ugali wote na mboga zote akaomba na sehemu yangu. Mimi nilikaa naye mezani nikimsikiliza akipumua. Alinigundua. "Babu," akasema, "kama ningekuwa wa kufa, ningekuwa nimekufa kabla ya kuosha vyombo. Mimi si mjinga." Tukacheka. Baadaye, alipokwenda kuosha jezi, niliona mikono yake inatetemeka ndani ya beseni, na povu linatetemeka nayo. Kwa hiyo alijua. Alipokuwa akikinywa kile kikombe, alikuwa anaogopa kama mimi. Sikumwambia kwamba nimeona.

Sasa nifike kwenye jambo la barabara. Fainali inachezwa Rwamagana, umbali wa kutembea tu kutoka unapolala. Wanaondoka kesho asubuhi kwa gari la shule. Hamadi anasema bariyeri, zilezile zilizonizuia kuja kwako mwaka huu, zimeongezeka upande ule, na Hamadi hupata habari zake kwa madereva. Nimewaza kumwambia Fausta kwamba naumwa. Ningeumwa kwa urahisi; katika umri wangu mtu huchagua tu mahali pa kuanzia. Asubuhi ya leo aliniletea chai, akasimama akisubiri, nami nilijua anasubiri nini. Nikamwuliza kama jezi imekauka. Akaniambia ndiyo. Nikamwambia, "Basi ipige pasi, nahodha asiende na makunyanzi." Ni mara ya kwanza nimemwita hivyo. Aliondoka mezani upesi sana.

Bado naogopa, mke wangu. Sitaki udhani kwamba kikombe kimoja cha maji kimeniponya. Kesho, gari likipita kona, nitarudi ndani na nitakuwa ninasimama kwenye kila bariyeri pamoja nao, nikiona mkono wa askari ukikifungua kitambulisho cha juu. Sijui atasoma nini usoni mwa mtoto wetu. Sijui kama atamtazama Donata aliye nyuma yake, wala Donata atafanya nini siku wanaomkataza watakaposema kwa sauti kubwa zaidi. Hayo siyajui, na nimeacha kujifanya kwamba nikimficha mtoto nyuma ya mlango nitayajua.

Ahadi yangu kwako ni hii. Sitamwomba tena ajipunguze. Nikiogopa, nitaogopa mimi, kimya, kwenye kiti changu, wala woga wangu sitamvika yeye. Na akirudi, ameshinda au ameshindwa, atanikuta mlangoni nimevaa koti. Uniombee nguvu za kutimiza hilo, kwa sababu unanijua.

Pokea kwaheri yangu, Veronika, mpaka tutakapoonana bila ya barua. Wasalimie wote walio pamoja nawe. Nisamehe mwandiko, na wino uliotapakaa pale juu, na yote niliyoyasema kwa urefu ambayo wewe ungeyasema kwa neno moja.

Barua hii haitaletwa na mimi, wala na Fausta, kwa maana nahodha haruhusiwi kuiacha timu kabla ya mechi. Donata ndiye aliyesema, jana alipopita nyumbani kumchukua mwenzake kwenda mazoezini, "Mzee, niambie kaburi la bibi iko wapi, mimi nitafika." Nimemchorea njia kutoka kanisani. Bahasha sikuifunga. Anajua kusoma Kiswahili, na akiisoma garini atakuta jina lake, na ataona jinsi nilivyomwogopa, na habari za Boniface, na kila kitu. Akitaka kumwonyesha baba yake, atamwonyesha. Utamtambua kwa mabega. Mpokee.

Mimi mumeo,
Yakobo